Nsansa na Mboga za Majani katika Historia ya Usukuma

Mtu asomaye vitabu vya historia ya Usukuma atakuta habari nyingi za watemi, za ng'ombe, za pamba na za vyama vya ushirika. Atakuta pia habari za ngoma, na za mashindano ya Bagika na Bagalu ambayo sifa zake zimevuka mipaka ya nchi yetu. Lakini akiuliza watu hao walikula nini pamoja na ugali wao katika mwezi wa Septemba, mvua ikiwa imekatika tangu Mei na majani ya porini yamekwisha kunyauka, vitabu vingi vitamwacha bila jibu. Jibu lenyewe analo kila mwanamke wa makamo aliyelelewa Kwimba, Magu, Misungwi au Maswa. Walikula nsansa.

Nsansa ni majani machanga ya kunde yaliyochemshwa, yakaanikwa mpaka yakakauka kabisa, kisha yakawekwa akiba kwa ajili ya kiangazi. Ni chakula cha kawaida mno, hata wenyewe wakila hawaoni kwamba kinastahili kuandikiwa makala. Hata hivyo, afya ya watu wa upande wa kusini wa Ziwa Viktoria haiwezi kuelezwa sawasawa bila ya kukitaja chakula hiki pamoja na jamaa zake: mgagani, mlenda, mchicha wa porini, mnavu, matembele na majani ya maboga. Kama ngoma na utani ni sehemu ya utamaduni wa taifa, basi na ujuzi wa kuifanya mboga ya mwezi wa Machi iliwe mwezi wa Oktoba nao ni utamaduni, tena ni utamaduni ambao watoto wameishi kwa ajili yake.

Kwanza yafaa tutazame asili ya mmea wenyewe. Vyakula vingi tunavyovihesabu leo kuwa vya jadi ni wageni katika bara letu. Mahindi, mihogo, viazi vitamu na karanga vyote asili yake ni Marekani, navyo vililetwa Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari katika karne ya 15 na ya 16. Kunde si mgeni. Mmea huu ulifugwa na wakulima wa Afrika yenyewe. Mabaki yake yamechimbuliwa nchini Ghana, katika makazi ya watu wa utamaduni wa Kintampo walioishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wanaisimu nao, kwa kulinganisha lugha za Kibantu, wameona kwamba neno lenyewe la kunde ni la kale sana, la tangu zama ambazo wazee wa lugha hizo walikuwa bado hawajatawanyika. Kwa hiyo wakulima wa kwanza wa Kibantu waliofika kandokando ya Ziwa, wale ambao vyungu vyao vya mtindo wa Urewe na tanuri zao za chuma zimepatikana Buhaya na kwingineko, yamkini hawakuja na jembe na chungu tu. Walikuja na kunde pia, au angalau na jina lake. Na chungu hapa si jambo dogo. Pasipo chungu majani hayachemshwi, na pasipo kuchemsha hakuna nsansa.

Nchi ya Usukuma inajulikana kwa miamba. Kuanzia Mwanza mjini, ambako mawe makubwa yamesimama ndani ya maji na kupandana juu ya vilima, mpaka ndani kabisa kuelekea Shinyanga na Simiyu, kila mahali pana majabali yaliyochomoza katika ardhi. Chini ya majabali hayo kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Wakulima hawa walikuwa na majina ya aina mbalimbali za udongo wao kabla bwana shamba yeyote hajaletwa kuwafundisha, na walijua zao gani lifae wapi. Kunde, karanga na njugu mawe zilipewa luseni. Mvua huanza mnamo Novemba na kukatika mnamo Mei. Baadaye huja miezi mitano au sita ya jua kali na upepo. Nchi ya namna hii humpa mtu mboga nyingi kuliko awezavyo kula kwa nusu ya mwaka, kisha humnyima kabisa. Hao waliokaa humo kwa karne nyingi ilibidi watafute njia ya kuyaunganisha majira hayo mawili, na njia waliyoipata ilikuwa juu ya mawe yale yale.

Kazi ni ya wanawake, nayo huendelea hivi. Kunde hupandwa pamoja na mtama, uwele au mahindi, chini ya kivuli cha nafaka. Majuma machache baada ya kuota, majani yake machanga huanza kuchumwa. Anayejua kuchuma hachumi ovyo: huchukua majani laini ya juu kwa kiasi, ili mmea utoe mengine na bado uzae kunde zake. Akizidisha, atakula majani leo na kukosa punje wakati wa mavuno. Majani huchambuliwa, hutiwa chunguni na kuchemshwa, kisha huopolewa na kuanikwa juu ya jabali lililofagiwa. Jiwe lililopigwa na jua tangu asubuhi hukausha kwa joto la juu na la chini kwa pamoja. Yakikauka hukunjamana, huwa meusi meusi na mepesi sana, hata kapu zima la majani mabichi halijazi kibuyu. Huhifadhiwa mahali pakavu, na kiangazi kikifika huchotwa kidogo, hurowekwa na kupikwa tena kwa karanga zilizotwangwa, au kwa maziwa, au kwa samli kwa wale wenye ng'ombe. Viazi vitamu navyo vilipata malezi ya namna hiyo: vilivyokatwa vibichi na kukaushwa huitwa michembe, na vilivyochemshwa kwanza huitwa matobolwa. Ghala la Msukuma lilikuwa na vitu vingi kuliko nafaka.

Yafaa mwalimu ayatazame mambo mawili katika maelezo hayo. La kwanza ni kuchemsha kabla ya kuanika. Wataalamu wa vyakula wa siku hizi wanatueleza kwamba majani yaliyochumwa huendelea kujiharibu kwa vimeng'enya vilivyomo ndani yake, na kwamba moto wa muda mfupi huvizuia vimeng'enya hivyo. Viwanda vinavyogandisha mboga hufanya vivyo hivyo. La pili ni karanga na maziwa, ambayo tutayarudia baadaye, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko utamu.

Kwenye visiwa na ufukoni hali ilikuwa tofauti kidogo. Wakerewe, Wakara na Wajita walikuwa na samaki karibu nao mwaka mzima. Furu, dagaa na sato walikaushwa pia juu ya mawe na kupelekwa bara kubadilishwa na nafaka. Lakini hata huko majani hayakudharauliwa. Msomaji anayetaka kujua maisha ya nyumbani ya zamani Ukerewe hana budi kukisoma kitabu cha Aniceti Kitereza juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambacho mwandishi alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya yeye kufariki. Kitereza aliona kwamba mambo ya kulima, kupika na kuuguza yastahili kuelezwa polepole na kwa ukamilifu, na katika hilo aliwatangulia wanahistoria wetu wengi.

Hapa niseme neno moja juu ya jina ambalo huwachanganya wanafunzi. Mboga inayoitwa sukuma wiki haina uhusiano wowote na Wasukuma. Jina hilo limetoka Kenya, nalo maana yake ni mboga ya bei nafuu ya kumsaidia mtu aisukume wiki mpaka apate fedha nyingine; mmea wenyewe ni wa jamii ya kabichi, uliokuja na wageni. Ama jina la Wasukuma asili yake ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma lenye maana ya kaskazini. Hivyo Wasukuma ni watu wa kaskazini, kwa maneno ya jirani zao wa Unyamwezi.

Wageni wa kwanza wa Ulaya waliofika pande hizi, Speke mwaka 1858 na Stanley mwaka 1875, walikuja kutafuta chanzo cha mto Naili. Mapadre Weupe walijenga Bukumbi mwaka 1883, na Wajerumani wakaanzisha boma lao Mwanza katika miaka ya 1890. Walioandika habari za nchi walivutwa zaidi na pembe za ndovu, na ng'ombe, na nafaka iwezayo kulisha misafara. Hili halishangazi. Mgeni aliyealikwa kwa mtemi huchinjiwa, hapewi nsansa.

Utawala wa Waingereza ndio ulioigusa hasa mboga, ijapokuwa haukukusudia. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikapata njia ya kwenda bandarini. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini ya mji, kilianza kazi katika miaka ya 1930, na kwa miongo mingi akili za mabingwa wake zilielekezwa kwenye pamba: mbegu zake, matuta yake, samadi yake. Kazi hiyo ilikuwa ya maana, wala hatuna haki ya kuibeza, kwa sababu mbegu za Ukiriguru ziliwaletea wakulima fedha, na fedha hizo ndizo zilizoujenga ushirika wao. Shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria, lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya wakulima katika Afrika. Lakini bwana shamba alipenda pamba isimame peke yake katika shamba, na alihesabu kuwa uzembe ule mchanganyiko wa mtama, kunde na maboga ambao mama alikuwa akichuma mboga zake ndani yake. Zaidi ya hayo, kupalilia pamba kuliangukia katika miezi ile ile ya mvua ambayo majani ni tele na yapaswa kuchumwa na kuanikwa. Mikono ni miwili tu. Saa iliyotumiwa katika pamba haikuweza kutumiwa juu ya jabali.

Kuanzia mwaka 1947 ukaja mpango wa serikali wa kuiendeleza Usukuma, wenye amri nyingi: kulima kwa matuta, kupunguza mifugo, kuhamia Geita, kupanda mihogo ya kukinga njaa. Watu waliuchukia kwa sababu uliwajia kwa shuruti na faini, na chuki hiyo iliwapa nguvu wanasiasa wa wakati ule. Serikali ikazuia TANU kufanya kazi Usukumani tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Msomaji wa leo anaweza kuona kasoro nyingine ambayo haikusemwa sana. Mpango ulizihesabu ekari na ng'ombe, na ukaagiza mihogo iletayo shibe. Mihogo hushibisha kweli, lakini mizizi yake ina protini kidogo sana na vitamini chache. Mtoto anayelishwa ugali wa udaga bila mboga ya maana hushiba huku akidhoofika.

Je, kuna nini katika jani? Swali hili lilichukua muda mrefu kujibiwa hata na mabingwa wa Ulaya na Marekani. Neno vitamini lilibuniwa na Casimir Funk mwaka 1912, na mwaka uliofuata ndipo ilipotambuliwa ile ambayo baadaye iliitwa vitamini A. Jani lenyewe halina vitamini A. Lina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo, na jambo hili lilithibitishwa kuanzia mwaka 1930. Karotini ndiyo rangi ya manjano ya karoti na ya papai; katika jani imo vilevile, ila imefunikwa na ukijani. Ndiyo maana jani la kijani kilichokolea hulishinda jani jeupe. Kabichi iliyojikunja, ambayo majani yake ya ndani hayajaliona jua, ina karotini kidogo sana ikilinganishwa na kunde, mchicha au mgagani. Ni ajabu basi kwamba katika meza zetu kabichi ndiyo iliyopewa heshima, na mgagani ukaitwa chakula cha maskini.

Kisa cha pili ni cha damu. Mwaka 1931 daktari mmoja Mwingereza, Lucy Wills, aliyekuwa akiwatibu wanawake wajawazito wenye upungufu wa damu katika mji wa Bombay nchini India, alieleza kwamba hamira iliwaponya. Kilichomo katika hamira hakikujulikana mpaka mwaka 1941, wakati wataalamu wa Marekani walipochukua tani 4 za mchicha wa Kizungu wakautoa ndani yake unga kidogo mno wa kitu walichokiita asidi foliki, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mwanafunzi asilisome jambo hili kama habari ya mbali. Kandokando ya Ziwa malaria haijakoma tangu kale, na malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Mwili unapolazimika kutengeneza nyingine huhitaji foleti nyingi zaidi, na mama mwenye mimba huhitaji zaidi ya wote. Majani ya kunde ni miongoni mwa vyakula vyenye foleti kwa wingi, ingawa kuchemsha sana na kumwaga maji huipunguza. Pia yana protini takribani gramu 4 katika kila gramu 100 za majani mabichi, na yakikaushwa, maji yakishatoka, protini hukaribia robo ya uzito wote.

Ama kuhusu madini ya chuma, yapo, lakini lazima tuseme ukweli wote. Chuma cha majani hakinyonywi na mwili kwa urahisi kama kile cha nyama na samaki. Ndimu kidogo, au dagaa wachache katika chungu kile kile, humsaidia mlaji akipate zaidi. Wale walioeneza habari kwamba majani peke yake humtia mtu damu kama dawa walipita kiasi.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya macho na ya uhai wa watoto. Mtoto aliyekosa vitamini A huanza kwa kutoona wakati wa magharibi. Hujikwaa, hukosa kupaona palipo na chakula chake, na wenziwe humcheka. Hali ikizidi, kioo cha jicho hukauka, kisha huoza na jicho hupotea. Surua ikimkuta mtoto huyo humwangusha upesi. Ushahidi mmoja mkubwa juu ya jambo hili ulipatikana hapa hapa Tanzania, katika hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura katika mafungu mawili: 88 walipewa vitamini A pamoja na matibabu ya kawaida, na 92 walipewa matibabu ya kawaida tu. Katika fungu la kwanza walikufa 6, katika la pili 12. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1987 na yakasaidia kuibadili tiba ya surua ulimwenguni. Tofauti ya wengi na wachache katika hesabu hiyo ni makaburi ya watoto.

Hata hivyo, haitoshi kumwambia mwanafunzi kwamba majani yana karotini, kisha tukafunga kitabu. Mwaka 1995 wataalamu waliofanya kazi Indonesia walitoa matokeo yaliyowashtua wengi: wanawake wanyonyeshao waliokula mboga za majani kila siku kwa majuma kadhaa hawakupata nafuu ya kuonekana katika vitamini A ya damu yao. Karotini imefungwa ndani ya chembe za jani, na mwili hupata sehemu ndogo tu. Mwaka 2001 Wamarekani wakabadilisha kipimo chao. Badala ya kuhesabu kwamba miligramu 6 za karotini ya chakula huzaa miligramu 1 ya vitamini A, wakasema zahitajika 12. Basi je, mama zetu walikosea? Jibu lataka uangalifu. Karotini huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji, na mlo usio na mafuta huipitisha mwilini bila faida kubwa. Sasa na turudi kwenye chungu cha nsansa. Mlikuwa na karanga zilizotwangwa, au samli, au maziwa. Na majani yalikuwa yamepikwa mara mbili, jambo ambalo hulegeza kuta za chembe zake. Siwezi kudai kwamba wapishi hao walijua habari za karotini. Walijua kwamba mboga isiyo na karanga haishuki vizuri. Katika jambo hili ulimi uliongoza sawa.

Kwa hiyo anayepika majani siku hizi kwa maji na chumvi tu, kwa kuwa karanga zimekuwa ghali, hali tena nsansa ile iliyokuwa ikiliwa na bibi yake, ingawa jina ni moja.

Tukiingia katika zama za Uhuru, twaona serikali ikilishika suala la lishe kwa nguvu zaidi. Daktari Michael Latham, aliyezaliwa Kilosa na kuitumikia Wizara ya Afya, aliandika kitabu juu ya lishe katika Afrika ya tropiki kilichotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1965, na humo aliyatetea majani ya kijani yapatikanayo kijijini. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya, kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, na mwaka 1975 ikafuatwa na kampeni ya Chakula ni Uhai, baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974 kuiacha nchi ikinunua nafaka ng'ambo. Sijui nchi nyingine jirani iliyokusanya wakulima wengi namna hiyo kuzunguka redio ili wazungumze juu ya chakula.

Lakini katika miaka ile ile watu walikuwa wakihamia vijijini. Kwa Wasukuma, ambao miji yao ilikuwa imetawanyika kila mmoja na mashamba yake na minyaa yake, kukaa pamoja kuliwaletea shule, zahanati na maji. Kuliwaletea pia shamba la mbali. Mgagani na mnavu huota penye samadi, karibu na zizi na nyuma ya nyumba. Aliyehama aliviacha huko, na ilichukua miaka kabla makazi mapya hayajapata rutuba ya namna hiyo. Jambo hili ni dogo katika hesabu za wapangaji, si dogo kwa aliye na chungu motoni.

Badiliko la hivi karibuni zaidi limetoka majini. Sangara alitiwa katika Ziwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwala furu wengi mno. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, minofu ikasafirishwa Ulaya, na mifupa yenye mabaki ya nyama, iitwayo mapanki, ikawa kitoweo cha wengi mjini. Samaki aliyekuwa chakula cha mtu asiye na kitu akawa bidhaa. Tangu hapo mboga ya majani haikuwa tena msaidizi wa samaki katika nyumba nyingi; ilibaki peke yake na ugali.

Kwa bahati njema, heshima ya mboga za asili imeanza kurudi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Arusha mwaka 1992 kimekusanya mbegu za mchicha, mnavu, mgagani na kunde za majani, na kuzifanyia kazi ile ambayo Ukiriguru iliifanyia pamba. Ukiriguru yenyewe imeshughulika na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye karotini, kwa wakulima wa Kanda ya Ziwa. Na watafiti wa lishe wameutazama upya ule uanikaji wa mawe. Wameona kwamba jua la wazi, pamoja na manufaa yake, huharibu sehemu kubwa ya karotini na karibu vitamini C yote, na kwamba majani yanayokaushwa kivulini penye upepo, au katika kasha lililofunikwa jua lisiyapige moja kwa moja, hubaki na rangi yake na karotini nyingi zaidi. Kasha la namna hiyo laweza kutengenezwa na wanafunzi katika karakana ya shule kwa mbao chache, wavu na karatasi ya nailoni iliyotiwa rangi nyeusi. Ugumu wake ni mmoja: jabali halinunuliwi, nalo hupokea magunia matatu ya majani kwa siku moja, ambapo kasha hupokea beseni mbili.